Vihifadhi vya Mafuta ya Ngozi: Maana ya Neno na Maana ya Jaribio

I. Pua ya mnunuzi

Mnunuzi wa samaki katika soko la Magogoni, Dar es Salaam, hahitaji maabara ili ajue hali ya kitu anachotaka kukinunua. Hufunua mashavu ya samaki aone kama yangali mekundu, hutazama macho kama yang'aa au yamefifia, humbonyeza ubavuni, kisha humnusa. Akiridhika hulipa; asiporidhika husogea kwa muuzaji mwingine. Ujuzi huu ni wa zamani, na katika jambo la samaki aghalabu hausemi uwongo.

Mtu huyohuyo akipanda kutoka pwani kwenda Kariakoo, mwendo usiofika saa moja kwa miguu, akaingia katika duka la vipodozi, huwa ameuchukua ujuzi uleule pamoja naye. Hufungua kopo la krimu, akauliza, "Kaka, hii haijaharibika?" Naye muuzaji humjibu, "Mpya hiyo, dada, nusa mwenyewe." Dada hunusa, akasikia harufu ya waridi, akalipa. Hapa pua haina tena uwezo iliokuwa nao pwani. Maji yenye bakteria milioni moja katika kila mililita huweza kuonekana maangavu bado. Na krimu, ambayo tangu mwanzo ni nyeupe na nzito, tena imetiwa manukato, huweza kuficha idadi kubwa zaidi ya hiyo bila ya rangi wala harufu yake kubadilika.

Makala haya yaeleza mambo mawili yanayotegemeana. La kwanza ni namna wataalamu wanavyojaribu nguvu ya vihifadhi, yaani dawa zinazotiwa katika mafuta ya ngozi ili viini visizaliane humo. La pili ni maneno ambayo kwayo jambo hilo huelezwa, au hushindwa kuelezwa, kwa Kiswahili. Mambo haya hayatenganiki, kwani mtu asiye na neno la kutajia hatari huitumia pua yake, na pua, kama ilivyokwisha kusemwa, haitoshi.

II. Vitenzi vya kuharibika

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya kuharibika kwa vitu, na kila kimoja kina mahali pake. Kuoza ndicho kitenzi kipana kuliko vyote: huoza samaki, huoza embe, huoza jino, hata ubao wa mtumbwi. Kuvunda huongeza wazo la uvundo, na pia wazo la kitu kilichofunikwa kwa muda; kwa hiyo kuna na kuvundika, yaani kufunika matunda mabichi ili yaive. Kuchacha ni kwa tui, wali, uji na maharagwe, navyo hujulikana kwa ukali wa ladha; katika ukoo wa neno hilo mna chachu na kuchachuka. Kuota ukungu, au kuota koga, ni kwa mkate, ngozi ya viatu na nguo zilizokaa pahali penye unyevu.

Ukivitazama vitenzi hivi utaona kwamba vyote vina asili moja, nayo ni milango ya maarifa. Uvundo hunuswa, uchachu huonjwa, ukungu huonekana, na ulaini wa kitu kilichooza huguswa. Lugha imekusanya ushahidi wa pua, ulimi, macho na vidole, ikaufanya kuwa maneno. Hata methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote, ijapokuwa imeligusa vizuri wazo la kuambukizana, yaanza na samaki ambaye kuoza kwake kumekwisha kujulikana.

Bali uharibifu wa krimu aghalabu haufiki katika milango hiyo, au hufika umechelewa. Mathalan kiini kiitwacho Pseudomonas aeruginosa, ambacho hukaa katika maji, katika masinki na mahali popote penye unyevu, huweza kuzaliana katika losheni kwa siku nyingi kabla ya kutokea rangi ya kijani au harufu ya kigeni. Juu ya ngozi nzima huenda kisifanye lolote. Lakini kikiingia katika jeraha, katika ngozi iliyoungua, katika jicho lililokwaruzwa, au katika mwili wa mtoto mchanga au wa mgonjwa aliyedhoofika, huleta maradhi mazito, na baadhi ya dawa za kawaida hazikiwezi.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1966 W. C. Noble na J. A. Savin waliandika katika jarida la The Lancet la Uingereza juu ya krimu ya tiba ya ngozi iliyokutwa na kiini hichohicho. Krimu hiyo ilikuwa dawa, nayo ilitumiwa na watu ambao ngozi zao zilikuwa tayari na ugonjwa. Tangu miaka hiyo watengenezaji na serikali nyingi walianza kuona kwamba haitoshi chombo kutoka kiwandani kikiwa safi. Hapana budi kiwe na uwezo wa kujitetea baada ya kufunguliwa.

III. Maji, chumvi na liwa

Ili kufahamu kihifadhi hufanya nini, yafaa kwanza kutazama namna watu wa pwani walivyohifadhi vitu kabla ya dawa za viwandani. Samaki asiyeuzwa siku ileile hukaangwa, au hutiwa barafu, au hupasuliwa akatiwa chumvi na kuanikwa akawa ng'onda. Barafu humnyima kiini joto. Jua na chumvi humnyima maji, kwani chumvi huyashika maji hata kiini kisiweze kuyatumia, ijapokuwa yangalimo. Kiini bila ya maji ya kutumia hakizaliani.

Kanuni hiyohiyo ilitumika katika mapambo. Liwa, mti wenye harufu nzuri ambao wanawake wa pwani na visiwa hujipaka, huwekwa ukiwa gogo kavu au unga mkavu. Anayetaka kujipaka huusugua juu ya jiwe kwa maji kidogo au kwa marashi, akapata kiasi cha siku ile tu. Kinachobaki hakitiwi akiba. Mafuta ya nazi nayo huwekwa yakiwa mafuta matupu, bila ya maji. Hata mafuta ya mgando yauzwayo leo katika kila duka la Kariakoo hayana maji ndani yake, na kwa hiyo viini havizaliani humo, wala hayahitaji dawa ya kuvizuia. Mafuta yakikaa sana huweza kupata harufu mbaya, lakini hiyo ni kazi ya hewa, si ya viini, nayo ina dawa zake nyingine.

Losheni na krimu ni vitu vya namna nyingine. Katika losheni nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, yaliyochanganywa na mafuta kwa ufundi hata vikawa kitu kimoja. Humo mna maji, mna chakula cha viini, na Dar es Salaam mna joto. Kiini kimoja kikipata hali njema kabisa, kikagawanyika mara moja kila nusu saa, baada ya saa 10 watoto wake watakuwa zaidi ya milioni moja. Katika krimu mambo huenda polepole zaidi, lakini kopo hukaa mezani kwa miezi, si kwa saa 10. Losheni haiwezi kuanikwa ikabaki losheni, wala haiwezi kutiwa chumvi kama ng'onda. Imebaki njia moja, nayo ni kutia kitu ambacho viini havikipendi na ngozi hukivumilia. Kitu hicho ndicho kihifadhi.

IV. Neno kihifadhi

Neno hili limejengwa kwa kiambishi ki- cha ala na kitenzi hifadhi, chenye asili ya Kiarabu. Kwa kuwa kitenzi hicho huishia kwa irabu i, neno halikuhitaji kiishio kingine. Kwa umbo hakuna kasoro. Kasoro ipo katika maana ambazo msikilizaji huja nazo. Kuhifadhi ni kuweka kitu kisipotee: mtu huhifadhi Kurani moyoni, huhifadhi fedha, huhifadhi nyaraka, huhifadhi msitu. Katika yote hayo wazo kuu ni kukiacha kitu kibaki kama kilivyokuwa. Kwa hiyo asomaye kwamba krimu ina kihifadhi hudhani kwamba kazi ya kitu hicho ni kuifanya krimu idumu dukani kwa faida ya mfanyabiashara. Kazi iliyo muhimu zaidi, yaani kumkinga mtumiaji na viini ambavyo yeye mwenyewe huviingiza kwa kidole chake kila asubuhi, haimo katika neno.

Kutokana na upungufu huo huzaliwa fahari ya maneno "haina vihifadhi", ambayo husikika sana sasa. Maneno hayo yana maana mbili zilizo mbali sana. Yakiandikwa juu ya mafuta ya mgando au ya nazi, maana yake ni kwamba kitu hicho hakihitaji kihifadhi, na ni kweli. Yakiandikwa juu ya losheni iliyotengenezwa kwa maji na utomvu wa mshubiri, huenda maana yake ni kwamba kitu hicho chahitaji kihifadhi, nacho hakikupewa. Sarufi haibadiliki kati ya mambo hayo mawili. Kinachobadilika ni maji. Neno "asilia" nalo halisaidii, kwani hakuna kitu kilicho asilia kuliko bakteria wa majini.

V. Jaribio lenyewe

Swali ambalo jaribio hulijibu ni hili: viini vikiingia katika krimu hii, je, krimu yenyewe itaviua? Halipimi usafi wa krimu siku ilipotoka kiwandani. Hilo lina kipimo chake. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 17516 ya mwaka 2014, gramu moja ya kipodozi cha kawaida isizidi viini 1,000, na ile ya kipodozi cha watoto walio chini ya miaka mitatu au cha karibu na macho isizidi 100. Aina nne zenye hatari, ambazo ni Staphylococcus aureus, Pseudomonas aeruginosa, Escherichia coli na Candida albicans, zisionekane kabisa. Usafi huo ni wa siku moja. Jaribio la kihifadhi latazama siku zijazo.

Kwa Kiingereza jaribio hilo hupewa jina lenye wazo la kumwita adui uwanjani. Kulifasiri kwa neno changamoto kungeweza kumpotosha msomaji, kwani siku hizi neno hilo limekuwa karibu sawa na tatizo. Kiswahili kina neno la shambani lililo karibu zaidi na kitendo chenyewe, nalo ni kupandikiza. Kama mkulima anavyoitoa miche ya mpunga kitaluni akaipanda katika jaruba, ndivyo mtaalamu anavyovitoa viini alivyovikuza akavitia katika krimu kwa makusudi. Kwa hiyo katika makala haya litaitwa jaribio la kupandikiza.

Kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani kililiingiza jaribio la namna hii katika toleo lake la mwaka 1970. Kwa vipodozi kanuni ijulikanayo sasa ni ISO 11930, iliyotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2019. Utaratibu wake kwa ufupi ni huu.

Kwanza huchaguliwa viini vitano ambavyo kila kimoja husimama badala ya jamii yake. Staphylococcus aureus hukaa katika ngozi na pua za watu. Escherichia coli hutoka matumboni. Pseudomonas aeruginosa hutoka majini. Candida albicans ni wa jamii ya chachu. Aspergillus brasiliensis ni wa jamii ya ukungu. Kila kimoja hukuzwa peke yake, kisha hupandikizwa katika sehemu yake ya krimu. Kwa bakteria, kila gramu ya krimu hupata kati ya 100,000 na 1,000,000. Kwa chachu na ukungu, kati ya 10,000 na 100,000. Idadi hizi ni kubwa kuliko zile ambazo kidole cha kawaida kingeleta, na makusudi ni hayo, ili krimu itakayoshinda hapa isishindwe nyumbani.

Kisha krimu huwekwa katika joto la nyuzi 20 hadi 25, nayo huchotwa kidogo siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kila mara viini vilivyo hai huhesabiwa. Lakini hapa pana mtego. Kiasi cha krimu kilichochotwa bado kina kihifadhi ndani yake. Kikipakwa moja kwa moja juu ya chakula cha viini, kihifadhi huendelea kuvizuia visiote, na mtaalamu akaona sifuri mahali ambapo pana maelfu walio hai. Kwa sababu hiyo krimu huchanganywa kwanza na maji yenye vitu kama lesithini na polisobeti, ambavyo huishika dawa isiendelee kufanya kazi. Mpishi wa Kiswahili alikwisha kuwa na neno la kitendo hiki: kuzimua, yaani kuyapunguza maji ya moto makali yake kwa kuyatia ya baridi. Jaribio ambalo halikuhakikisha kwamba dawa imezimuliwa halina thamani yoyote, hata matokeo yake yakiwa mazuri namna gani.

Kuhesabu kwenyewe hufanyika juu ya sahani yenye agari, ugandishi utokanao na mwani. Kila kiini kilicho hai huzaa mahali kilipoangukia, watoto wake wakawa doa linaloonekana kwa macho, na madoa ndiyo yanayohesabiwa. Ufundi wa kukuza viini juu ya kitu kilichoganda, badala ya katika maji, ulitangazwa na Robert Koch mwaka 1881, na matumizi ya agari yalitokana na shauri la Fanny Hesse. Koch huyo alikuwapo Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898 akichunguza malaria. Si mbali na Magogoni, katika barabara ya pwani iliyoitwa Ocean Road na sasa Barack Obama, iko Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo historia yake huanzia mwaka 1895 katika kazi za kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Kwa hiyo sahani yenye madoa si ngeni katika mtaa huu.

VI. Namna ya kusoma matokeo

Matokeo ya jaribio huandikwa kwa hesabu ya makumi, na hesabu hiyo huwatisha wasomaji wengi bila sababu. Yafaa ielezwe kwa mfano wa ngazi. Kila kidato kimoja cha kushuka ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Bakteria 500,000 wakishuka kidato kimoja hubaki 50,000. Vidato viwili, 5,000. Vidato vitatu, 500. Kwa hiyo kushuka vidato vitatu ni kusema kwamba katika kila viini 1,000 amebaki mmoja.

Kipimo cha juu cha ISO 11930, kiitwacho A, chataka bakteria washuke vidato vitatu kufikia siku ya 7, wala wasipande tena siku ya 14 na ya 28. Candida hutakiwa kushuka kidato kimoja siku ya 7, wala asipande tena. Ukungu, ambao mbegu zake ni ngumu kuuawa, hutakiwa usiongezeke kufikia siku ya 14, na kufikia siku ya 28 uwe umeshuka kidato kimoja. Kipimo cha pili, kiitwacho B, huwapa bakteria na Candida muda hadi siku ya 14, na ukungu hutakiwa usiongezeke tu. Krimu iliyofikia B haikataliwi, lakini hapana budi ionyeshwe kwamba kuna kinga nyingine, kama vile tyubu nyembamba au chupa ya kubonyeza isiyoruhusu kidole kuingia.

Maneno "wasipande tena" ndiyo yenye siri. Baadhi ya viini hushuka siku za kwanza, kisha wachache waliosalia huizoea dawa. Wamo hata katika jamii ya Pseudomonas wanaoweza kuzivunja baadhi ya dawa hizo. Krimu iliyopimwa siku ya 7 tu ingesifiwa, na siku ya 28 ingekutwa imejaa.

Tena yafaa kukumbuka kwamba kinachojaribiwa ni krimu nzima, wala si dawa peke yake. Parabeni hupenda kukaa katika mafuta, ilhali viini hukaa katika maji. Mafuta yakiwa mengi, dawa huwa imo ndani ya kopo lakini haipo mahali penye vita. Benzoati nayo hutegemea ukali wa asidi. Katika pH 4.2 nusu yake ndiyo yenye nguvu. Katika pH 5.2 hubaki karibu sehemu moja ya kumi na moja. Katika pH 6.2, karibu sehemu moja ya mia. Mtu anayesema kwamba ametia kihifadhi kilekile na kwa kiasi kilekile kama cha kiwanda fulani, bado hajasema kwamba krimu yake imehifadhiwa.

VII. Jaribio likifika Kariakoo

Ushindi wa maabara ni wa krimu ile iliyojaribiwa, katika chombo chake, kwa joto la nyuzi 20 hadi 25. Katika miezi ya Januari hadi Machi joto la mchana la Dar es Salaam hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, na kopo lililowekwa juani hupata moto zaidi. Joto lina pande mbili. Huiharakisha dawa kuua, lakini huwaharakisha na viini kuzaliana, tena huweza kuyatenganisha maji na mafuta. Na maji yaliyojitenga huenda yakabaki na dawa kidogo.

Lililo zito kuliko joto ni mkorogo. Neno hili, kutoka katika kukoroga, hutumika kwa mchanganyiko wa krimu mbili, tatu au zaidi, aghalabu kwa kusudi la kuigeuza ngozi iwe nyeupe. Madhara ya zebaki na haidrokwinoni yamekwisha kuelezwa na wengi. Lakini hata mkorogo usio na sumu hizo una hasara nyingine isiyosemwa, nayo ni kwamba umelibatilisha jaribio. Krimu yenye fenoksiethanoli asilimia 0.8 ikichanganywa nusu kwa nusu na utomvu wa mshubiri usio na dawa, hubakiwa na asilimia 0.4. Losheni yenye benzoati ikitiwa sabuni, ambayo pH yake hufika 9 au 10, benzoati ile huwa kama haimo. Kitu kilichotoka katika bakuli hilo ni kipya, nacho hakijajaribiwa na mtu yeyote, ijapokuwa makopo yote yaliyoingia humo yalikuwa yamejaribiwa. Hali kadhalika mafuta yanayohamishwa kutoka chombo kikubwa na kutiwa katika chupa zilizosuuzwa kwa maji ya bomba, kwani tone la maji yale huingia na viini vyake.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi katika Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, baada ya kuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa. Nchi za Afrika Mashariki zina kanuni zao za pamoja, EAS 377, ambazo katika sehemu zake mna orodha ya vihifadhi vinavyoruhusiwa. Lakini kanuni hufika hadi kwenye kopo lililofungwa. Kopo likifunguliwa, kinachobaki ni maneno yaliyoandikwa juu yake.

Wala jambo hili lisidhaniwe kuwa la urembo tu. Katika Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwao kujipaka ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, na wengi wao ni watoto wakaao vijijini. Mafuta ya namna hiyo yakiingia viini, mtoto huyo ana mambo mawili ya kuchagua, na yote mawili ni mabaya: apake viini juu ya ngozi iliyokwisha kuchomwa na jua, au aende bila ya kupaka.

VIII. Maneno yafaayo kuandikwa

Ulaya, kwa amri ya mwaka 2003, iliweka alama ya kopo lililo wazi pamoja na tarakimu kama 6M au 12M, yaani idadi ya miezi ambayo kitu hutumika baada ya kufunguliwa. Alama hiyo imo katika makopo mengi yauzwayo Kariakoo. Kwa bahati njema, herufi M ni mwanzo wa neno miezi pia. Lakini bahati hiyo haisaidii ikiwa hakuna aliyeeleza. Wengi hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake, wakadhani kwamba kopo lililofunguliwa mwaka jana ni zima kwa kuwa tarehe haijafika. Tarehe ile ilisemwa juu ya kopo lililofungwa.

Kwa hiyo yafaa maneno ya Kiswahili yaandikwe waziwazi, tena kwa vitenzi vya kawaida: "Baada ya kufunguliwa, itumike kwa miezi 12." "Usichanganye na mafuta mengine, sabuni wala maji." "Chota kwa kijiko kikavu, kisha funika." Kwa watengenezaji wadogo ambao hawana uwezo wa kulipia jaribio, ushauri ulio salama ni ule wa liwa na nazi: watengeneze vitu visivyo na maji, anunuaye aongeze maji mwenyewe kwa kiasi cha siku ile. Anayetaka kuuza kitu chenye maji hapana budi akipeleke kikajaribiwe.

Imebaki kutafuta kitenzi. Kusema kwamba krimu imeoza, imevunda au imechacha ni kumrudisha mnunuzi kwenye pua yake. Kusema kwamba imeharibika ni kweli, lakini ni upana usioonyesha sababu. Kuchafuka huelekea kwenye uchafu unaoonekana. Watu wa nyumbani wana msemo mwingine ambao wataalamu wa istilahi wameupita bila ya kuutazama. Mwenye ghala husema, "Mahindi yameingia wadudu", mpishi husema, "Unga umeingia wadudu." Husemwa hivyo hata wakati ambapo gunia kwa nje ni zuri, kwa kuwa msemo huo hauelezi namna kitu kinavyonuka au kuonekana, bali hueleza kilichokipata. Kwa mfano huohuo yaweza kusemwa kwamba krimu imeingia viini, na kwamba kihifadhi kizuri ni kile ambacho viini vikiingia hufa. Dada wa Kariakoo akiuliza kama krimu imeingia viini, muuzaji hataweza kumjibu anuse. Itambidi amwonyeshe kopo limeandikwa nini, na lilifunguliwa lini.